Sponji, EPDM, silikoni au brashi: raba gani uweke mlangoni na dirishani kabla masika hayajaingia

Kila mwaka mwezi wa 2 ukikaribia kuisha naanza kupigiwa simu na ndugu na majirani, swali lile lile, maji yanaingia dirishani ninunue raba gani. Na kila mtu anataka nimtajie moja tu aende dukani akachukue. Sasa mi nakaa Raskazone hapa Tanga, dirisha letu la sebuleni linatazama kusini mashariki, kule kule kusi inakotokea, nimeshabandika na kubandua vya kutosha, na naweza kukwambia kwa uhakika kwamba raba inayonifaa mimi inaweza isimfae jirani yangu wa hatua 20 kutoka hapa. Inategemea mwanya wako una milimita ngapi, mlango wako unafungaje, na jua linapiga upande gani. Ndo maana nimeona niandike yote kwa pamoja, ili kila mtu aangalie ya kwake.

Na hili jambo nalichukulia kwa uzito kwasababu nimeona godoro za watoto zimelowa, nimeona ukuta mpya umefanya ukungu mweusi chini ya dirisha, na chanzo ni mwanya ambao hata kidole kidogo hakipiti. Masika ya huku, mwezi wa 3 mpaka wa 5, kaskazi inakata kusi inaingia, mvua haidondoki chini bali inakuja ya ubavu, inasukumwa kwenye kioo, inatafuta pa kupenya.

Pima kwanza, duka baadae

Kitu cha kwanza ni mwanya. Watu wengi wanakadiria kwa macho alafu wananunua raba nene wakidhani nene ndo bora, matokeo yake kitasa hakiingii na bawaba zinalegea baada ya miezi kadhaa. Fanya hivi. Chukua unga wa ngano kiganja kimoja, kanda mgumu kama wa chapati, tengeneza vidonge vya ukubwa wa karanga, kila kimoja kizungushie kipande cha mfuko wa mkate kisigande. Bandika kimoja juu ya mwimo, kimoja katikati karibu na kitasa, kimoja chini. Funga mlango mpaka kitasa kiingie kabisa, alafu fungua taratibu. Vile vidonge vitakua vimelaliwa, toa kimoja kimoja upime unene kwa rula ya mtoto wa shule, huo unene ndo mwanya wako. Nilifanya hivi kwa mama mkwe wangu Ngamiani kwenye mlango wa mbao wa siku nyingi, juu nikapata milimita 2, chini milimita 6. Mlango mmoja! Sa hapo ungenunua roli moja ya unene mmoja ukazungushia kote, juu mlango usingefunga na chini upepo ungeendelea kupita kama kawaida.

Ukishapata namba, chukua raba ambayo mlango ukifungwa itabanwa kati ya robo na nusu ya unene wake. Mwanya wa milimita 4 raba ya milimita 6 inakaa vizuri. Ikibanwa kidogo sana haizibi, ikibanwa kupita kiasi inachoka haraka na hairudi umbo lake.

Kitu cha pili ni jinsi kinavyofunga. Mlango wa bawaba unaikandamiza raba, unaibana. Dirisha la aluminiam la kusukuma linateleza, yani linaisugua. Raba ya kubanwa ukiiweka mahali pa kusuguliwa itakatika, na ya kusuguliwa ukiiweka mahali pa kubanwa haitaziba. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanabadilisha aina ya mpira wakati kosa ni la umbo.

Alafu kuna jua na chumvi, kuna unachotaka kukizuia (maji, vumbi, mbu au baridi ya AC isitoke, kila kimoja kina ukali wake), kuna kama nyumba ni yako au umepanga, na mwisho pesa. Nitazipitia aina nne kwa vigezo hivyo hivyo.

Sponji ya stika

Hii ndo unaikuta karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, roli ndogo, upande mmoja una gundi na karatasi ya kubandua. Bei yake ndo ya chini kuliko zote. Uzuri wake mkubwa ni ulaini, mwanya ukiwa haulingani yenyewe inajaa pale penye nafasi na inalala pale penye kubana, mlango unafunga bila kulazimisha. Kubandika hata mtoto wa darasa la 5 anaweza akisimamiwa.

Ila ujue zipo mbili na dukani zinakaa pamoja. Kuna yenye matundu yanayopitisha, ile nyepesi kama sponji ya kuoshea vyombo, na kuna yenye matundu yaliyofungwa, mara nyingi nyeusi na nzito kidogo. Kuzitofautisha omba kipande, kichovye kwenye glasi ya maji, kibinye kikiwa ndani ya maji alafu ukiachie, kitoe ukikamue. Kikitoa maji ni ya kwanza hiyo, na hiyo usiiweke popote mvua inapofika maana itanyonya maji na kuyakalisha juu ya fremu yako siku nzima, mbao itaoza, chuma kitashika kutu. Ya kwanza ni ya ndani tu, mlango wa chumba cha kulala chenye AC, vumbi, mbu.

Jua haziliwezi sana. Ile nyepesi ikikaa dirisha la jua la mchana inageuka njano alafu inaanza kumomonyoka, unafagia unga chini. Yenye matundu yaliyofungwa inavumilia zaidi lakini nayo gundi yake huwa inachoka kabla ya sponji yenyewe.

Inamfaa aliyepanga, anayetaka suluhisho la msimu mmoja au miwili, mwenye mwanya usiolingana, na mwenye mlango mwepesi ambao haubani kwa nguvu.

Raba ya EPDM

Hapa naomba uvumilie ntaongea sana kwasababu ndo inayouzwa kwa uongo zaidi. EPDM ni mpira wa kutengenezwa kiwandani, ulianza kuuzwa miaka ya 1960, na sifa yake ni kuvumilia jua, mvua na ozoni. Ozoni ni gesi iliyomo hewani kidogo kidogo, hiyo ndo inayopasua mpira wa asili ukiwa umevutwa au umekunjwa, unaona vile vipasuko vidogo vidogo kama tope lililokauka. Huku kwetu mpira wa asili una historia yake kabisa, Wajerumani walipanda miti ya mpira mkoa huu wa Tanga na kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara walikianzisha 1902, lakini mpira huo wa miti kwa dirisha la pwani hautoboi, jua na ozoni vinaumaliza. EPDM inavumilia kuanzia baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri mpaka joto la zaidi ya nyuzi 100, kwahiyo geti la chuma linaloungua mchana halitaisumbua.

Adui yake ni mafuta. Petroli, dizeli, grisi, vaselini, vinaivimbisha na kuilainisha mpaka inapoteza umbo. Watu wanapaka grisi ili mlango uteleze vizuri, wanaiua raba kwa mikono yao wenyewe. Ikiwa inagandana na fremu paka poda ya kawaida, au osha na maji ya sabuni tu inatosha.

Ipo ya kubandika kwa stika na ipo ya kusukumia kwenye mfereji wa aluminiam. Zile za stika zina maumbo, ukizitazama kwa ubavu moja ni kama herufi E, nyingine P, nyingine D. Ya E ni ya mianya midogo ya milimita 1 mpaka 3 hivi, P inakaa katikati, D yenye tundu ndani ndo ya mianya mikubwa mpaka 5 au 6. Maji inayazuia vizuri maana tundu lile linabonyea na kusukuma kurudi, mradi mlango unafunga kwa kubana. Mlango uliolegea bawaba haitausaidia, kaza bawaba kwanza.

Sasa huo uongo. Ukiuliza EPDM unaweza ukapewa ya PVC, nyeusi vile vile, inang'aa zaidi. PVC ya plastiki laini ina kilainishi ndani yake ambacho kinatoka taratibu kwa jua, baada ya hapo inakua ngumu, inasinyaa, pembe zinaachia. Namna ninayoitumia ni friza. Chukua kipande cha urefu wa kidole, kitupe kwenye friza pamoja na zile aiskrimu za ukwaju, kilale humo usiku. Asubuhi kitoe ukikunje hapo hapo. EPDM inakunjika kama vile haikulala kwenye baridi, PVC inakua ngumu inakupinga. Omba kipande kabla ya kununua mita 30, muuzaji mwema hatakunyima. Sisemi PVC ni haramu, kwa dirisha la kivulini na bajeti ndogo inaweza kukusogeza, ila ulipie bei ya PVC.

EPDM inamfaa mwenye nyumba yake, dirisha au mlango wa bawaba unaopigwa na mvua na jua moja kwa moja, na mtu ambaye yupo tayari kupima vizuri maana haisamehe kama sponji.

Silikoni

Kwanza tutenganishe. Silikoni ya bomba, ile ya kukamulia kwa bastola yake, inaziba sehemu isiyosogea, mfano kati ya fremu na ukuta. Hapa naongelea raba ya silikoni, inayokuja kwa mita, mara nyingi nyeupe au inayopitisha mwanga. Hii kwa joto haina mpinzani hapa, kuanzia nyuzi 60 chini ya sifuri mpaka karibu 200 juu, na jua la miaka haliifanyi ngumu. Ni laini sana kwahiyo hata mlango mwepesi unaibana. Kwenye mlango wa kioo wa bafuni inapendeza maana haionekani.

Mapungufu yake yapo matatu. Bei, ipo juu. Kuchanika, ukiikwaruza na ncha ya fremu ya chuma yenye ukali inachanika na mchaniko unaendelea, kwahiyo piga msasa ncha zote kwanza. Na gundi, gundi za kawaida haziishiki kabisa, utabandika asubuhi jioni unaikuta chini. Lazima gundi ya silikoni yenyewe, au ununue iliyokuja na stika yake kutoka kiwandani. Na ukitaka kupaka rangi fremu paka kabla, rangi haishiki juu ya silikoni.

Inamfaa mwenye jiko la oveni karibu na dirisha, mlango wa chuma unaotazama magharibi, bafu la kioo, na mtu anayetaka kuweka mara moja akasahau kwa muda mrefu na mfuko unaruhusu.

Brashi

Hii wengi hawaijui kwa jina ila wanayo nyumbani. Ukilitoa dirisha la kusukuma pembeni utaona kama nywele fupi za kijivu zimepita kwenye mfereji. Kazi yake ni kuziba huku dirisha linateleza. Vumbi inazuia vizuri, mbu inazuia, kelele inapunguza. Maji ya kudondoka kawaida inayapunguza, ila mvua ya ubavu yenye kusi nyuma yake itapita kwenye nywele, hilo lazima niseme ukweli. Zipo zenye utando mwembamba wa plastiki katikati ya nywele, hizo zinazuia zaidi, ukizipata chukua hizo.

Jua inavumilia wastani. Chumvi na mchanga ndo tatizo lake, vinaganda kwenye nywele zinalala na kua ngumu kama nywele za mswaki wa zamani, kwahiyo ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na mswaki wa zamani kila baada ya miezi michache. Kubadilisha hakuhitaji gundi, unaivuta ya zamani unapenyeza mpya, lakini upana wa mgongo lazima ulingane na mfereji, nenda na kipande cha zamani dukani.

Na kama una madirisha ya kusukuma tafadhali nisikilize hapa. Chini ya fremu kwa nje kuna vitundu vidogo. Hivyo vimewekwa makusudi, maji yakiingia kwenye reli yatokee humo. Mwaka mmoja fundi alikuja kwetu kuziba maji, akaona vitundu akasema, "Hivi ndo vinaingiza maji bosi wangu," akavijaza silikoni vyote. Mvua ya kwanza reli ikajaa kama beseni, maji yakapanda yakamwagikia ndani, yakashuka kwenye ukuta mpaka kwenye soketi ya umeme. Nilizima meni swichi usiku ule mikono inatetemeka. Kesho yake nilivifungua kwa msumari mwembamba, kimoja kimoja, vilikua vinne, maji yakatoka yenyewe. Hakuna raba inayochukua kazi ya hivyo vitundu, visafishe mchanga kila kabla ya masika.

Brashi inamfaa mwenye chochote kinachoteleza. Kwa mlango wa bawaba haina kazi, isipokua chini ya mlango ambapo sakafu ya vigae imepanda na kushuka, pale brashi ya kufunga kwa skurubu inapita juu ya vigae vizuri kuliko mpira.

Kubandika pwani kuna namna yake

Upepo wa huku unaacha chumvi kwenye kila fremu hata kama huioni, pitisha ulimi uone. Gundi haishiki juu ya chumvi. Futa na maji ya sabuni, suuza na maji safi, kausha, malizia na spiriti kwenye kitambaa, acha ipepee. Fanya siku kavu, mchana kabla jua halijaipiga hiyo fremu. Usiivute raba wakati unabandika, hili kosa ni la kila mtu, ukiivuta itarudi kwenye urefu wake baada ya siku chache na pembe zitaachia, na maji yanaingilia kwenye pembe. Ilaze tu. Pembeni kata mshazari zikutane vizuri. Ikandamize kwa kidole gumba kipande kwa kipande alafu isilowe kwa siku moja nzima, zikiwa tatu bora zaidi.

Kuhakikisha kazi, subiri usiku wenye upepo, washa udi, pitisha kandokando ya mlango uliofungwa. Moshi ukipanda wima pako sawa, ukilala kuna mwanya hapo. Au funga mlango juu ya karatasi ya daftari uivute, ikitoka kirahisi haijabanwa.

Kwahiyo kwa hali yako

Umepanga chumba na unachotaka ni baridi ya AC isipotee na vumbi la barabara lisiingie, sponji ya stika inakutosha, usitumie pesa zaidi kwenye mlango wa mtu.

Una nyumba yako, mlango wa nje wa bawaba unatazama baharini, hapo chagua kati ya EPDM ya D au P na silikoni. Mwanya unalingana na mlango mzito, EPDM. Mlango mwepesi au wa chuma unaoungua mchana kutwa na pesa ipo, silikoni.

Madirisha ya kusukuma, brashi yenye utando na vitundu viwe wazi. Kama mvua bado inapita nenda kaangalie silikoni ya bomba kati ya fremu na ukuta, mara nyingi maji yanapita pale na dirisha linasingiziwa bure.

Gereji, au stoo unayoweka dumu za mafuta na jenereta, EPDM isiguse mafuta. Neoprini, mpira mwingine wa kiwandani, inavumilia mafuta zaidi, ulizia hiyo.

Mlango wa mbao wa zamani kama wa mama mkwe, kumbuka mbao inanyonya unyevu na kuvimba, mwanya wa mwezi wa 2 mwezi wa 4 unakua mdogo. Chukua kitu laini na usijaze mpaka mwisho. Pale nilimwekea sponji nyeusi nyembamba juu na D chini. Nilivomaliza nikataka kuendelea na mlango wa jikoni, akanizuia. "Mwanangu, huo uache. Mimi napikia mkaa humu."

Alikua sahihi kabisa na nilipaswa kuwaza kabla yake. Moto wa mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwenye chumba kilichozibwa inaua watu wamelala. Kama jiko ni la mkaa au kuni usizibe mlango wala dirisha la jikoni kabisa. Kama ni gesi ya mtungi, ile gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, kwahiyo mwanya wa chini ya mlango wa jikoni uachwe wazi. Mbu wa pale wazuie kwa nyavu.